Mpita Njia wa Kilimani

Palikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kamba moja na filimbi moja. Jina lake Asajile, tarishi wa ofisi ya kata. Ofisi ilikuwa kilimani, kando ya barabara ya zamani, ile ya udongo mwekundu. Mchana alipeleka barua kwa miguu, na barua zilimchosha kama zinavyomchosha mtu yeyote. Lakini asubuhi saa kumi na mbili alipandisha bendera, na jioni saa kumi na mbili aliishusha, na kwa kazi hiyo alivaa shati safi.

Desturi mnaijua. Filimbi ya kwanza ikilia, kila mtu husimama palepale alipo, akaelekea mlingoti, akanyamaza. Filimbi ya pili ikilia, kila mtu huendelea na safari yake. Siku zile kilima kilikuwa na watu. Mama mwenye ndoo kichwani alisimama maji yakimchuruzika shingoni. Mwenye baiskeli alishuka. Walevi wawili wa kilabu cha pombe walishikana mabega ili wasianguke kabla ya filimbi ya pili. Hata mwanamke aliyekuwa katikati ya tusi alilimeza, akasimama wima, kisha filimbi ya pili ilipolia akalimalizia.

Asajile alipandisha upesi na kushusha polepole, kama alivyofundishwa. Hakuacha hata pembe moja iguse ardhi. Hakuipandisha ikiwa imelowa, hakuiacha ilale nje, hakuitundika juu ya kitu wala kufunika kitu kwayo. Jioni aliikunja kwa msaada wa mkewe, Bupe, kwa kuwa bendera haikunjwi na mtu mmoja. Mmoja hushika huku, mwingine hushika kule, wanaivuta ikanyooka, wanakutanisha pindo na pindo, kisha mmoja hutembea kumwelekea mwenzake mpaka mikono yao inagusana. Walifanya hivyo kila jioni. Nadhani watu wengi waliooana miaka mingi hawagusani mikono kila jioni.

Kuna wanaosema bendera ni kitambaa tu. Ni kweli, hata mtoto anajua. Lakini mtoto huyohuyo anajua pia kwamba kanga iliyoachwa na marehemu mama yake si kitambaa tu, na hawezi kukuruhusu upangusie nayo meza.

Ikaja barabara mpya. Ilikuwa ya lami, nayo haikupanda kilima. Ilipita chini bondeni, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Watu wakaanza kuhamia huko, na mahali pale pakaitwa Barabarani. Mwisho ofisi nayo ikahama. Lori lilikuja siku moja asubuhi na karatasi ya vitu vya kuhamishwa: meza nne, viti tisa, kabati la mafaili, mashine ya chapa, saa ya ukutani. Mlingoti haukuandikwa, kwa sababu ulikuwa umechimbiwa ardhini. Bendera haikuandikwa, kwa sababu aliyeandika aliangalia vitu vya ndani ya ofisi, na saa ile bendera ilikuwa angani.

Mtendaji wa kata, kijana mwenye haraka lakini asiye na roho mbaya, alitoa kichwa kwenye dirisha la lori. Akasema, "Mzee, wewe baki na bendera. Tutakuja kuichukua."

Asajile akabaki na bendera. Ikapita wiki, ikapita masika, ikapita miaka saba.

Mara mbili aliteremka kwenda kuuliza. Mara ya kwanza aliambiwa wiki ijayo. Mara ya pili aliona mlingoti mpya wa chuma mbele ya ofisi mpya, na bendera kubwa mara mbili ya ile yake. Ilikuwa imelowa mvua ya jana, imejizungusha kwenye chuma kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba ya kuanikia. Hakuna aliyepangiwa kuishusha. Ilipandishwa siku ofisi ilipoanza kazi, ikaachwa hapo usiku na mchana. Filimbi haikupulizwa, maana walisema magari hayasikii filimbi. Karani mmoja alimwona Asajile mlangoni, akacheka.

"Mzee Kamba! Bado unavuta tu?"

Wote wakacheka, si kwa ubaya. Asajile naye akacheka kidogo ili wasione haya. Akarudi kilimani, na mara ya tatu hakwenda.

Majirani waliondoka mmoja baada ya mwingine. Walichukua mabati, wakachukua milango, na mwisho wakachukua hata mawe ya mafiga. Kuta zikabaki bila paa, migomba ikaota ndani ya vyumba. Kwenye kilima kizima wakabaki watu wawili, shamba la viazi, na mlingoti.

Siku moja katika mwaka ule wa kwanza Asajile alisimama chini ya mlingoti jioni, filimbi mkononi, akatazama barabara ya udongo upande huu na upande ule. Nyasi zilikuwa zimeanza kuota katikati ya njia. Akasema, "Bupe, hakuna anayepita. Naona leo nishushe kimyakimya. Filimbi nampulizia nani?"

Bupe alikuwa jikoni akisonga ugali. Aliepua sufuria, akachukua ndoo iliyokuwa tupu, akajitwika, akatoka nje mpaka upande wa mashariki wa uwanja, kwenye jiwe la mpaka. Kisha akaanza kutembea kuja magharibi, polepole, kama mtu anayetoka mtoni na ana safari ndefu.

"Mimi napita," akasema. "Puliza."

Akapuliza. Bupe akasimama, ndoo kichwani, mikono ina unga wa ugali, uso kwenye mlingoti. Bendera ikashuka. Filimbi ya pili ikalia, naye akaendelea mpaka upande wa pili wa uwanja, akatua ndoo, akarudi kushika pindo lake la bendera ili waikunje.

Tangu jioni ile alipita kila siku. Kukiwa na ukungu, alipita. Goti lilipoanza kumsumbua, alipita akichechemea. Siku nyingine alimtania mumewe.

"Tarishi, filimbi yako leo imekohoa."

"Ni baridi, mama."

"Basi ipe chai."

Na bendera ilipoanza kuchakaa, aliishona. Bendera iliyoraruka haifai kupeperushwa, Asajile alijua hilo, na alikuwa ameomba nyingine bila kuipata. Kwa hiyo kila baada ya masika Bupe alikata nyuzi zilizofumuka kwenye ukingo, akapinda upya, akashona kwa sindano ya mkono, mishono midogo iliyokaribiana. Kila mwaka bendera ikawa safi tena, na kila mwaka ikapungua upana wa vidole viwili. Rangi zilipauka. Lakini mtu aliyeitazama kutoka mbali hakuweza kuona uzi hata mmoja unaoning'inia.

Katika mwaka wa saba, Jumamosi moja ya Julai, Bupe alifariki alfajiri. Hakuugua muda mrefu. Alikohoa siku nne, kisha akalala asiamke. Asajile alimfunga taya, akamnyoosha mikono, akamfunika shuka. Kisha akavaa shati safi, akaenda kupandisha bendera. Alichelewa dakika chache. Katika miaka yote ya kazi yake ilikuwa mara ya kwanza.

Kisha akateremka kwenda Barabarani kuwaambia watu.

Barabarani walikuwa wanapaka mawe chokaa. Mgeni mkubwa kutoka wilayani alikuwa anakuja Jumanne kuzindua jengo jipya la ofisi, na kila mtu alikuwa amepangiwa kazi: huyu kufagia, yule kupaka, wengine kufanya mazoezi ya ngoma. Mtendaji alimshika Asajile mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, mzee wangu. Pole sana. Lakini hali unaiona mwenyewe. Mgeni Jumanne. Nitakupa watu wa kuchimba, na tukishamaliza shughuli hii tutakuja wote kukupa pole. Wote, mzee. Nakuahidi."

Akampa vijana watatu wenye majembe. Akaja pia Sekela, mama aliyewahi kuwa jirani yao kilimani. Sekela alimwosha Bupe na kumvika. Wakamzika saa kumi jioni nyuma ya nyumba, kwenye udongo mzuri wa viazi. Mmoja wa vijana alisali kwa kifupi. Walipomaliza kushindilia udongo walifuta majembe kwenye nyasi na kuanza kuangalia njia ya kuteremkia.

Sekela alikawia kidogo. "Shemeji, ningelala," akasema. "Wallahi ningelala. Lakini nimo kwenye kikundi cha ngoma, na kesho asubuhi tunapangwa mistari. Tutakuja Jumatano, baada ya mgeni."

"Nendeni salama," Asajile akasema. "Njia itateleza."

Ilipofika saa kumi na mbili alikuwa peke yake. Akapuliza filimbi ya kwanza na kutazama jiwe la mpaka. Akashusha bendera, akapuliza ya pili. Ndipo akasimama na kitambaa mikononi bila kujua la kufanya, kwa maana hapakuwa na mtu wa kushika upande wa pili, na akiachia pembe itagusa ardhi. Mwishowe akaenda mlangoni, akaingiza ukingo mmoja kati ya mlango na mwimo, akaufunga mlango taratibu ubane. Akavuta ikanyooka. Akakutanisha pindo na pindo, kisha akatembea kuuelekea mlango mpaka mikono yake ikagusa ubao.

Ndugu zangu, kwetu sisi mtu akifiwa haachwi. Watu hukaa naye matanga siku tatu. Hulala kwake, hulala hata chini, hupika, husimulia habari za marehemu, hucheka, hulia, na mfiwa akiamka huona miguu ya watu imejaa sebuleni. Asajile aliijua desturi hiyo. Kwa hiyo alifagia nyumba. Akatandika mikeka miwili na mfuko wa gunia. Akakoka moto nje, akabandika sufuria kubwa ya chai, ile ya misiba, akaweka vikombe vyote vya nyumba hiyo kando yake, vitano. Chai ikachemka. Akaisogeza pembeni isiungue. Ikapoa, akairudisha motoni.

Jumapili asubuhi mikeka ilikuwa kama alivyoitandika.

Saa kumi na mbili alivaa shati, akatoka na bendera. Ukungu ulikuwa mzito hata ncha ya mlingoti haionekani. Alipandisha bendera mpaka juu kabisa, upesi, kama inavyotakiwa. Akashika kamba ili aifunge. Hakuifunga. Alisimama akiwa ameishika mpaka mikono ikaanza kufa ganzi. Kisha akaiachia kidogo kidogo, mkono baada ya mkono, bendera ikateremka taratibu hadi nusu mlingoti, na hapo ndipo akaifunga.

Sitaki mfikiri kwamba hakujua. Alijua kuliko mtu yeyote katika wilaya ile. Alijua kwamba bendera haishushwi nusu mlingoti kwa uamuzi wa tarishi. Huja barua yenye muhuri, inayotaja jina na idadi ya siku, na barua za namna hiyo alizipokea mara tatu katika maisha yake. Alijua kwamba bendera ni ya watu wote na huzuni ile ilikuwa ya mtu mmoja. Alijua kwamba anakosa. Lakini hapakuwa na kitu kingine kilimani cha kukaa naye matanga, basi akaiomba ikae.

Jumapili ukungu haukuondoka. Jumatatu pia. Jioni alipuliza filimbi, akapandisha bendera hadi juu kwanza kabla ya kuishusha, kama inavyotakiwa, akaikunja na mlango. Hakuna aliyeona.

Jumanne jua lilitoka.

Barabarani ngoma zilikuwa zimekwisha kuanza. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga maandazi aliinua kichwa kukwepa moshi, akatazama kilimani. "Jamani," akasema, "ile ya kule mbona iko katikati?"

"Mzee Kamba amechoka kuvuta," akajibu mmoja, na wakacheka.

Lakini mwanamume mmoja mtu mzima hakucheka. Alikuwa mmoja wa walevi wale wawili wa zamani. Akaweka kivuli machoni kwa mkono, akatazama muda mrefu. "Huyo mzee," akasema, "hajawahi kukosea. Kama ameiweka nusu, basi kuna mkubwa amekufa."

Kicheko kikaisha. Mtu akafungua redio. Redio ilikuwa inapiga muziki kama kawaida. "Bado hawajatangaza," wakasema. "Ofisi huambiwa kwanza." Maneno yakazunguka uwanja mzima kwa muda mfupi. Wapiga ngoma wakashusha vijiti. Wanawake wakafunga vitenge vyao vizuri, wengine wakaanza kufuta machozi, kwa kuwa kulia kukianza huwa hakuulizi jina.

Wakamwendea Mtendaji. Naye hakuwa na taarifa yoyote, ila kusema hana taarifa mbele ya watu wote wale, siku ile, ilikuwa vigumu. Akawaambia, "Ninayo." Akaenda kwenye mlingoti wa chuma, akahangaika na kamba iliyokuwa imekauka kwa jua na mvua, akateremsha ile bendera kubwa hadi nusu. Zahanati ilipoona hivyo, ikashusha ya kwake. Shule nayo ikashusha.

Mgeni alipowasili aliona bendera tatu ziko nusu mlingoti, na umati umesimama kimya kando ya mawe meupe. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye adabu. Akateremka garini, akavua kofia, akasimama. Dereva wake naye akasimama. Watu mia nne walisimama pale juani, na hapakuwa na mmoja aliyejua amesimama kwa ajili ya nani.

Baadaye mgeni akamwinamia Mtendaji, akanong'ona, "Ni nani?"

"Tunasubiri jina, Mheshimiwa."

"Habari hii mmeipata wapi?"

Mtendaji akaonyesha kilimani kwa kidole.

Wakapanda. Mgeni alitaka kujua, na mgeni alipopanda, wote walipanda: Mtendaji, karani, kikundi cha ngoma na sare zao, mama wa maandazi, walimu. Njia ya udongo ambayo kwa miaka saba ilikuwa na nyayo za watu wawili ilijaa watu wenye viatu vya sherehe. Walifika jioni ikikaribia, wakihema, wengine viatu mkononi. Wakamkuta Asajile amekaa kwenye kigoda kando ya sufuria ya chai, na vikombe vitano vimepangwa chini.

Alisimama alipowaona. Akawatazama kwa mshangao, wengi vile. Kwa dakika moja, nafikiri, aliamini kwamba wamekuja kwenye matanga.

Mgeni akamwamkia kwa heshima, shikamoo mzee, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, ni nani amefariki?"

Asajile akasema, "Mpita njia, Mheshimiwa. Aliyekuwa akipita hapa jioni. Alikuwa mmoja tu."

Watu wakatazamana. Ndipo Sekela akasema kutoka nyuma, na sauti yake haikutoka vizuri, "Ni mkewe. Ni Bupe. Tulimzika Jumamosi."

Mtu mmoja akaangua kicheko, akakikata alipoona yuko peke yake. Uso wa Mtendaji ukamwiva. Alikuwa ameaibika mbele ya mgeni, na mtu aliyeaibika hutafuta haraka mahali pa kuitupa aibu yake.

"Umeishusha bendera ya taifa kwa ajili ya mkeo? Wewe? Tarishi?"

"Nimekosa, Bwana Mtendaji," Asajile akasema. "Kosa ni langu, si la bendera." Hakusema neno jingine la kujitetea. Hakumkumbusha ahadi ya kwenye lori, wala ahadi ya Jumamosi.

Akaenda kwenye mlingoti. Akafungua kamba, akapandisha bendera hadi juu kabisa, upesi. Kisha akaanza kuishusha polepole. Wakati ule watu walikuwa bado wanazungumza, wengine wanapepea nyuso kwa majani, wengine wanakung'uta vumbi. Alipoitoa kwenye kamba aliishika mikononi na kuwageukia, akanyoosha mbele ukingo ule uliokuwa wa Bupe. Karani alitazama pembeni. Walimu walisubiri Mtendaji ashike, na Mtendaji alisubiri aambiwe na mgeni. Mwisho Sekela akasogea, akashika. Lakini hakujua kukunja, alikuwa amesahau. Ikabidi Asajile amwelekeze kwa kichwa: sasa vuta, sasa kutanisha, sasa njoo. Sekela alipokaribia, aliona mishono kwenye ukingo, safu juu ya safu, miaka saba ya mishono, akaitambua kazi ya mkono ule. Akainamisha kichwa.

"Mbona fupi hivi?" Mtendaji akauliza alipokabidhiwa.

Aliiweka kwapani. "Basi. Tumekuja kuichukua," akasema, na hakukumbuka kwamba maneno hayo aliwahi kuyasema.

Mgeni akampa Asajile mkono wa pole. Wengine wakampa pole pia, haraka haraka, maana giza lingewakuta njiani. Chai hawakunywa, vikombe vilikuwa vitano, nao walikuwa karibu mia nne. Wakaanza kuteremka.

Asajile akabaki chini ya mlingoti mtupu. Kazi aliyopewa ilikuwa imekwisha: walikuwa wameichukua. Akaangalia jua. Mkono wake ukaingia mfukoni wenyewe, kama ulivyozoea, ukatoa filimbi.

Akapuliza.

Sauti iliteremka kwenye njia. Waliokuwa mbele kabisa, chini kwenye kona, walisimama. Waliokuwa nyuma walisimama. Miguu yao ilikumbuka kabla ya vichwa vyao. Mama wa maandazi alisimama na kiatu kimoja mkononi. Mlevi wa zamani alisimama wima kabisa, bila bega la kushika. Wote wakageuka kuelekea mlingoti, na kwenye mlingoti hapakuwa na kitu, ila kamba iliyokuwa ikigonga mti kwa upepo. Mtendaji naye alikuwa amesimama. Akatazama alichokuwa nacho kwapani. Akakitoa, akakishika kwa mikono yote miwili mbele ya kifua chake, kama mtu aliyepewa mtoto wa mwingine.

Hapakuwa na bendera inayoshuka ya kuwaonyesha ni muda gani wamebakiza. Walisubiri tu. Kule juu walimwona mzee amewapa mgongo, anatazama upande wa mashariki wa uwanja, kwenye jiwe la mpaka. Kisha kichwa chake kikageuka polepole kuelekea magharibi, kama mtu anayemfuata kwa macho mwingine mwenye goti bovu na ndoo kichwani. Ilichukua muda mrefu. Hakuna aliyekohoa.

Kichwa chake kilipofika mwisho wa uwanja, akapuliza filimbi ya pili, nao wakaendelea.

Jumatano kulikuwa na ukungu. Nani alipanda kilima siku ile na nani hakupanda, sitawaambia, kwa sababu kila mmoja wenu anajua yeye angekuwa wapi. Nawauliza jambo moja tu, mwende nalo nyumbani: bendera ile ilikosewa heshima kwa siku tatu, au kwa miaka saba?